Picha ya Timu na Mama Yangu

Mama yangu leo kapata marafiki timu nzima. Mimi nimebaki na sufuria.

Timu yetu ya netiboli ya chuo ilikuja Matema kwenye bonanza. Nilimwambia mama tu kwamba nitakuwa karibu na nyumbani. Akapanda bodaboda toka Ndandalo na sufuria la mbalaga, ndizi zetu za nyama, maana kwetu wenzake na mtoto wako hawapiti hivihivi bila kula.

Mimi ni mchezaji wa akiba. Mechi imeanza, mechi imeisha, niko benchi nalinda chupa za maji.

Mama akafunua sufuria. Kapteni wetu akaja, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mama. Sahani unauzaje?"

"Marahaba. Siuzi, nimewaletea wenzake na mwanangu."

"Mwanao nani?"

Mama akacheka, akidhani ni utani. Akanionyesha mimi.

Kapteni akanitazama. "Kumbe na wewe ni wa huku?"

Jamani, mwaka wa tatu huu tunalala hosteli moja.

Walikula wakamaliza. Mama akawafundisha kusema "ndaga", asante ya kwetu. Halafu picha. Mama katikati, wamemkumbatia kama kawazaa yeye. Simu wakanipa mimi niwapige picha.

Sasa tuko kwenye basi, kila mtu anaiposti. "Mama yetu wa Matema."

Nimemtumia mama. Kapiga simu, kafurahi, anataka akawaonyeshe wenzake kanisani.

"Nzuri sana, mwanangu. Sasa nitumie na ile uliyopo wewe."

Nyie, nimwambie nini?