Siku Serikali Ilipochukua Ngamia Wetu

Askari walifika asubuhi, wakakusanya ngamia wote wa kambi yetu na kuwaswaga kuelekea Garissa. Vijana wa ukoo wetu walikuwa wameiba mifugo ya watu huko mbali, upande wa Kotile. Sisi hatukuwa tumewaona vijana hao tangu mvua zilizopita, lakini tuliadhibiwa pamoja nao. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya serikali, na mila yetu haikuwa mbali nayo: mmoja akiua, ukoo mzima hulipa dia, fidia ya damu. Kwa hiyo tulinung'unika tu. Mimi nilikuwa mke mchanga, nina mtoto niliyekuwa nikimwachisha ziwa.

Aliyeshangaa alikuwa kaka wa mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita abti, yaani mjomba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi melini, akitia makaa kwenye tanuri, na ndiyo kwanza amerudi.

"Mtoto huyu ameiba nini?" aliniuliza.

Nilidhani ananitania. Ndipo akatusimulia jinsi mabaharia walivyopigana katika bandari moja ya Uingereza, naye akakamatwa pamoja nao. Hakimu, asiyemjua wala kuijua dini yake, aliuliza: huyu, yeye mwenyewe, alifanya nini? Hakuna aliyeweza kujibu, basi akaachiliwa.

"Alikuuliza ukoo wako?" mama mkwe alitaka kujua.

"Hakuuliza, dada."

 Haikuwa imewahi kunijia akilini kwamba mtu anaweza kusimama pasipo jina la babu yake, na bado akahesabiwa kuwa mtu.

Kesho yake tulikwenda naye Garissa, mimi na mama mkwe, nimembeba mtoto mgongoni. Katika ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa Mzungu, abti alirudia swali lake. Mkalimani alikataa kulitafsiri.

"Mzee, maneno hayo mimi siyapeleki."

Abti akamgeukia yule Mzungu na kuyasema mwenyewe, kwa Kiingereza cha melini.  DC aliweka kalamu chini, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Alisema sheria ni sheria. Lakini kabla ya adhuhuri tuliamriwa tuchukue ngamia wenye maziwa. Waliobaki waliuzwa, hatukuwaona tena.

Tulirudi polepole, tukifuata mwendo wa ngamia. Tulipopumzika kivulini, mama mkwe alimgeukia abti.

"Ndugu yangu," alisema, "na sisi tunapolipa dia, mimi niliyekaa nyumbani huwa nimemuua nani?"

Abti alikuwa amemkabili Mzungu bila kusita. Safari hii aliinama, akachora mchangani kwa kidole.

"Wallahi, sijui," alisema hatimaye.

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu. Mwanamke huyo, ambaye hakuwa amewahi kuiona bahari, alikuwa amelivusha swali la hakimu mbali kuliko abti alivyolifikisha.