Zeze la Waapache katika Darasa la Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka treni Uchindile asubuhi ya ukungu, viatu vipya vikiwa ndani ya begi ili visichafuke. Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, daftari la maandalio ya somo, yaani mpango ambao mwalimu huuandika kabla hajaingia darasani, na kipande cha ubao chenye kamba. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NIMEONGEA KILUGHA.

"Kijana," akasema, "hapa kuna Wahehe, Wabena, Wandamba. Ukimwachia kila mmoja lugha ya mama yake hufundishi darasa, unafundisha gulio."

Baadhi yenu mnaosoma haya mmekivaa kibao hicho. Mtoto aliyeteleza akatamka neno la nyumbani kwao alining'iniziwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, amvishe. Aliyebaki nacho jioni alimwagilia bustani ya shule peke yake. Mimi, Mpogoro wa kuzaliwa, nilivishwa nikiwa darasa la pili kwa sababu nilianguka, nikalia kwa Kipogoro. Sikukichukia kile kibao. Niliichukia lugha.

Nilikuwa nimesomea muziki chuoni, kwa hiyo kila nilikohamishiwa nilipewa kwaya. Niliandika do, re, mi ubaoni kwa herufi, kila herufi na sauti yake, watoto wakapanda na kushuka nazo kama ngazi. Kwaya zangu ziliwapokea wageni wa kila cheo. Lakini sikuwahi kumsikia mtoto akiimba wimbo wangu hata mmoja akiwa njiani kurudi nyumbani.

Kituo changu cha tatu kilikuwa upande wa Ulanga, njia ya Lupiro, enzi mto ulipovukwa kwa kivuko, kabla ya daraja. Huko mgeni mmoja wa kujitolea alituachia kitabu cha picha na kanda ya muziki wa Waapache, wenyeji wa nchi kame kule Marekani. Nilikisoma kile kitabu kama mtu aliyepata barua. Walikuwa na ngoma ya chungu chenye maji ndani na ngozi juu; ukikitikisa, maji yanahama na sauti inahama nayo. Walikuwa na zeze la uzi mmoja, linalochongwa kwa mlingoti wa mmea wa jamii ya mkonge, na jina lake kwa lugha yao maana yake ni mti unaoimba.

Mikonge ilikuwepo mpakani mwa shule. Darasa la tano tulikata milingoti iliyokauka, ile inayochomoza juu baada ya mmea kutoa maua, tukaipasua, tukakomba moyo wake laini, tukaifunga tena. Tulikunja fito ziwe pinde za kuyakwaruzia, lakini tulikosa uzi. Akauleta Kabula, binti wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake: fungu la singa za mkia, refu, jeusi, limeoshwa.

"Kabula, ng'ombe umemwachia mkia kweli?" wenzake wakamtania.

"Nimemwachia. Wako wewe ndio sijui ulikatwa lini."

Darasa lilicheka mpaka nikagonga meza.

Siku ya kujaribu mazeze alikuja Mkaguzi wa Shule. Alikaa nyuma na kalamu yake, Mwalimu Mkuu wa shule hiyo kando yake akitoka jasho. Watoto walikwaruza uzi, ukalia kama mlango. Zamu ya Kabula ilipofika hakuliweka zeze mezani kama nilivyoelekeza. Aliliegemeza kifuani, akalegeza uzi, akausikiliza, akaukaza kidogo, kisha akavuta upinde. Mlingoti wa mkonge uliimba. Naye akaimba juu yake, kwa Kisukuma, sauti nyembamba isiyo na do wala re niliyoweza kuiandika ubaoni. Nilisahau kama nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimefundisha muziki miaka yote ile na hapo ndipo muziki ulipoingia darasani kwangu.

"Mwalimu, kilugha!" mtoto mmoja akapaza sauti.

Mkaguzi aliinua kichwa. Mwalimu Mkuu alinitazama. Nilikwenda kabatini, nikachukua kibao, maana shule hii nayo ilikuwa nacho, nikamvisha Kabula. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata wa kile kitabu cha Waapache, kwa sababu ndivyo andalio la somo lilivyosema, na nikasoma kwa sauti jinsi watoto wa Waapache walivyopelekwa shule za bweni za mbali, wakakatwa nywele, wakaadhibiwa kila walipotamka lugha yao.

Kabula alinyoosha kidole, kibao kikimning'inia.

"Mwalimu, na wao walivishwa kibao?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua tu. Nafasi ilikuwa mkononi mwangu: hatua mbili, kuinua kamba, basi. Watoto arobaini wangeona. Lakini kalamu ya Mkaguzi ilikuwa imesimama, ikinisubiri.

"Kaa chini," nikasema. "Wale walikuwa na lugha. Wewe una kilugha."

Mkaguzi alitabasamu, akaandika. Baadaye nilisomewa maneno yake: mwalimu analimudu darasa. "Umetuheshimisha," Mwalimu Mkuu akaniambia. Mwaka haukuisha nikahamishiwa Ifakara mjini, nikiwa mwalimu wa taaluma, msimamizi wa masomo yote ya shule. Kabula alimwagilia bustani jioni ile na hakulishika tena zeze. Muhula uliofuata baba yake alihamisha mifugo kuelekea Malinyi.

Nilistaafu kwa hotuba na kitenge cha kumpelekea mke wangu. Walisema nimelea vipaji. Nilikula wali wao, nikaaga. Nyumbani nilijaribu kuukumbuka wimbo wa Kabula, nikapata mwanzo tu, kisha hata mwanzo ukapotea. Sikuwahi kumuuliza ulisema nini.

Mwaka jana nikapanda bodaboda kwenda Malinyi kumuuliza. Nilimkuta ameolewa, ana shamba la mpunga na watoto wawili. Alipiga magoti kunisalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Nimekuja kwa ajili ya ule wimbo. Na nimekuja kuomba radhi."

Aliniwekea kiti, akaniletea maziwa. Alifikiri kwa adabu, kama mtu anayetafuta ufunguo ambao anajua haupo.

"Ulikuwa wa baba, mwalimu. Baba ameshafariki. Mimi nimeusahau."

Binti yake mdogo alitoka ndani, akanisogelea, akaniwekea mkono gotini.

"Guku," akaniita, neno la Kisukuma la babu.

Kabula alimshika bega kwa haraka, akamvuta nyuma.

"Ongea vizuri mbele ya mwalimu. Sema babu."