Samaki Niliowatoa Matumbo Kilwa

Asubuhi niliyoondoka Kamina sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeacha shule mwaka wa nne, nikaacha karakana ya reli, nikaacha kuuza mishumaa ya misheni, na baba yangu, fundi wa reli, alikuwa ameacha kunisemesha. Behewa la mizigo lilikuwa limesimama wazi, nikapanda. Nilipofika Elisabethville, ndivyo Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, Katanga ilikuwa imekwisha kujitangaza nchi. Bendera mpya zilining'inia hata kwenye maduka ya viatu, na Wazungu askari wa kukodiwa walikunywa bia mchana kweupe.

Nilifika nyuma ya hoteli moja kwa kufuata harufu. Palikuwa na samaki, palikuwa na nanasi, na kulikuwa na kitu cha tatu nisichokijua. Njaa ningeivumilia, lakini kutokujua sikuweza. Nikachungulia jikoni. Mwanamke mfupi, nywele kazifunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo, akanitazama, akanipa kisu na kapu la vitunguu. Jina hakuniuliza. Jioni Gérant, yaani msimamizi wa hoteli, aliniona na kuniandika mtu wa plonge, kazi ya kuosha vyombo. Plonge ina masinki matatu: la kuondoa mafuta, la sabuni, la kusuuza. Anayechanganya maji hayo harudi kesho.

Yule mwanamke alishika jiko kwa sababu chef wa kwanza alikuwa mtu wa Kasai. Watu wa Kasai, mkoa jirani, walipoanza kuwindwa mitaani kama maadui wa Katanga, chef alikimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, godoro kichwani. Alikuwa amempikia Gérant miaka mingi. Gérant hakusema hata neno moja la kumtetea. Alisema jiko halingoji siasa. Nayaandika haya kwanza ili mjue nilikuwa nafanya kazi chini ya mtu wa namna gani, na ili nisipate nafasi ya kujidai kwamba sikumjua.

Mwanamke huyo aliitwa Hoa. Alizaliwa Vietnam, katika mji wa pwani ya katikati. Mumewe, Mfaransa aliyepigana vita vya kule, alikuja Katanga kupigana kwa mshahara, akamleta, halafu siku moja akapanda ndege peke yake. Gérant alimpa Mama Hoa chumba kidogo nyuma ya mahali pa kufulia nguo kwa sharti moja: apike. Maofisa wengi wa askari wa kukodiwa waliokula pale walikuwa wamepita vita vile vile, na walitamani chakula cha huko. Siku ambayo chakula kingeacha kuwapendeza, chumba angenyang'anywa. Hakuwa na pasi ya kusafiria, hakuwa na ndugu, na hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyezungumza lugha yake. Chumba kile ndicho kilichokuwa nchi yake.

Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Mchina. Kila mara alitusahihisha, na kila mara tulicheka. Hata hilo linanichoma.

Alinitoa plonge baada ya miezi michache, akaniweka upande wa samaki. Hakunifundisha kwa vipimo. Alinifundisha kwa ramani. Akikata samaki vipande na kuvipaka manjano, alisema: hii ni kaskazini, huko wanaikaanga mezani mbele ya mgeni, na majani mabichi mengi kuliko samaki mwenyewe. Akimimina uji wa unga wa mchele kwenye visosa, visahani vidogo, akaupika kwa mvuke, akaunyunyizia kamba waliokaushwa na kupondwa, alisema: hii ni katikati, kwetu, unakula visosa kumi ukiwa umechuchumaa. Mchuzi mchachu wa samaki, wenye nanasi na ukwaju, ulikuwa wa kusini. Na kusini pia kulikuwa na mkate mwembamba wa manjano unaopiga kelele kikaangoni, unaokunjwa na kamba ndani, ukafungwa kwa jani la saladi.

Alikuwa ameuza chakula mtaani tangu msichana, mzigo begani kwenye mti wenye kapu kila upande, jiko kapu moja, bakuli kapu la pili, akiwangojea abiria wa treni. Kwa hiyo nikipata kijana anayesafiri kwenda kule, namwambia alivyoniambia yeye: pita mbele ya hoteli, usiingie. Tafuta mama mwenye chakula cha aina moja tu. Tazama kama watu wa hapo hapo wanamngoja. Chovya kila kitu kwenye kibakuli cha mchuzi wa kahawia anachokuwekea pembeni, na usizibe pua.

Mchuzi huo ndio harufu ya tatu iliyonivuta siku ya kwanza. Kwao unaitwa nuoc mam, maji yanayotoka kwa samaki wadogo waliolala na chumvi mwaka mzima. Mama Hoa alikuwa na chupa zilizokuja kwa ndege. Vita vilipokaza, ndege hazikuleta chupa tena. Maofisa walionja chakula bila mchuzi, wakarudisha sahani. Gérant aliingia jikoni, jambo ambalo hakulipenda kwa sababu ya viatu vyake.

"Utengeneze hapa hapa," alimwambia. "Mwaka mmoja, sawa. Ukishindwa, nafasi ya chumba niko na kazi nayo."

Mama Hoa alinituma mimi Kilwa, kwenye ziwa Mweru, na mapipa matatu ya mbao na magunia ya chumvi. Aliniambia amri zake mara nne, akihesabu kwa vidole. Samaki wa urefu wa kidole. Chumvi siku ile ile, ufukweni hapo hapo. Safu ya samaki, safu ya chumvi, mkeka wa matete juu, mawe juu ya mkeka. Kidole cha mwisho alikikunja kwa mkono mwingine ili nisisahau.

"Tumbo usifungue. Tumbo njo linapika."

Sasa nifafanue, kwa sababu hapa ndipo kuna kazi. Ndani ya utumbo wa samaki kuna nguvu inayomyeyusha samaki mwenyewe. Chumvi humzuia samaki asioze, jua huiharakisha nguvu hiyo. Mwisho nyama inageuka maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukitoa matumbo umetoa mpishi, umebaki na sufuria.

Dereva wa lori alipowasha injini, mtu wa ofisi alinikimbilia na karatasi ya Gérant. Iliandikwa kwamba hakuna samaki atakayeingia katika pipa la hoteli bila kusafishwa ndani, kwa ajili ya afya ya wateja. Niliisoma njia nzima. Barabara ya Kilwa ina mashimo ya kutosha kumpa mtu muda wa kufikiri, na nilifikiri vibaya.

Mimi ni mtoto wa kambi ya reli. Kila wiki masista wa foyer social, waliofundisha mama zetu kutunza nyumba, walikagua majiko yetu. Nyumba iliyokutwa na matumbo ya samaki, jina la mama lilisomwa mbele ya wenzake. Mama yangu alisomwa mara moja tu, na baada ya hapo alitupiga kwa ajili ya gamba moja la samaki. Karatasi ya Gérant ilisema nilichokuwa nimekwisha kukiamini. Nilimwona Mama Hoa ni fundi, ndiyo, lakini fundi wa mtaani, na mimi mtu safi. Nikakaa ufukweni na kisu, nikaanza kupasua samaki wa urefu wa kidole, mmoja mmoja.

Wanawake waliokausha samaki pale walikusanyika kuniangalia kama watu wanaoangalia ngoma.

"Mutoto ya train," mmoja akaniuliza, "hii samaki ilikukosea nini?"

"Mumuache," mwenzake akasema. "Atamaliza siku Yesu anarudia."

Siku tatu nilipasua. Chumvi niliweka sawasawa, mkeka sawasawa, mawe sawasawa. Mapipa yalipofika mjini, Mama Hoa aliyagonga kwa kiganja, akayapanga uani penye jua, akaniuliza kama nilifuata amri zote tano. Nikasema ndiyo.

Mwaka ule mji ulipigwa. Kofia za bluu, yaani askari wa Umoja wa Mataifa, na askari wa Katanga walirushiana risasi hadi karibu na posta, vioo vya baa vikaanguka, nasi tukalala chini ya meza za jikoni. Mama Hoa alitoka uani kwa magoti kuyafunika mapipa kwa godoro lake. Nilimwona akitambaa. Ningeweza kumwambia wakati ule, arudi, hakuna kitu ndani.

Siku ya kufungua, Gérant alikuja na wakubwa wawili wa jeshi kuonja. Mama Hoa alikuwa amevaa gauni safi. Alichomoa kizibo cha chini, ukatoka mchirizi mweupe, maji ya chumvi tu. Aliondoa mawe na mkeka. Samaki walikuwa wamelala wazima, wagumu, macho wazi, kama siku niliyowaweka. Akamchukua mmoja, akaona mpasuko. Akachukua wa pili. Pipa la pili, pipa la tatu.

"Nani alifungua tumbo?" aliuliza.

Gérant alinitazama. Alijua karatasi iko wapi, ilikuwa mfukoni mwangu. Wakubwa wa jeshi walikuwa wameshika vijiko. Sikupigwa, sikutishwa, hakuna aliyenifundisha la kusema.

"Nilifanya kama Madame alisema," nikajibu, nikimwonyesha Mama Hoa kwa kidevu.

Gérant akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikitika. Hatukuwa tumepatana, mimi naye, lakini tulisema uwongo mmoja kwa vinywa viwili, changu kikiwa wazi na chake kimefungwa. Alimpa Mama Hoa mpaka kesho yake saa sita kuondoka chumbani. Mimi alinipa jiko.

Nilimchukia kwa miaka mingi, na hata leo namchukia, yeye na viatu vyake. Lakini chuki ya mkubwa ni rahisi, kila mstaafu anayo. Nimepika kwenye mabehewa ya chakula, kwenye mesi za migodi, na kwa wanafunzi wa chuo cha Kasapa walionitupia mikate. Nimestaafu na mgongo mbovu. Siku hizi naona hoteli za mjini zinaandika «vyakula vya Asia» na kumimina chupa iliyofunguliwa tangu Krismasi. Vijana wananiuliza siri ya mchuzi. Siri ni kwamba aliyejua alisemewa uwongo na asiyejua, akafukuzwa, na jiko zima likasimama pale likitazama sakafu. Mkitaka kazi hii, anzeni hapo. Anayekupa amri kwa kuwa anajua na anayekupa amri kwa kuwa ana karatasi si mtu mmoja, na mtalazimishwa kuchagua siku ambayo hamjalala vizuri.

Katika jiko alilonipa Gérant siku ile nilikaa asubuhi moja tu. Saa sita Mama Hoa alitoka na kifurushi na pipa moja tupu aliloliosha mwenyewe, akilisukuma kwa mguu barabarani. Nilivua aproni, nikamfuata hadi kituo cha malori ya Mokambo. Nilimpa karatasi ya Gérant. Aliisoma pole pole, akaikunja, akanirudishia, akapanda. Nikapandisha pipa, nikapanda nyuma yake. Njia nzima hakunitazama.

Mokambo, mpakani, tulifika jua likiwa bado juu. Nyumba ya nne tuliyobisha ilikuwa ya mjane mmoja, Mama Chanda, aliyekuwa akichuja munkoyo, pombe nyepesi ya mahindi, kwenye kibuyu. Alitutazama sisi wawili na lile pipa.

"Ni bibi yako?" akaniuliza, akimaanisha mke.

Mama Hoa alijibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Hapana. Huyu alisema uwongo juu yangu."

Mjane hakushtuka. Aliendelea kuchuja.

"Sasa juu ya nini unatembea naye?"

"Anabeba pipa."

"Na pipa ni ya nini?"

"Samaki na chumvi. Itanuka, Mama. Mwaka mzima itanuka. Nakuambia mbele."

"Mwanangu, nimezaliwa Kilwa," mjane akasema. "Harufu ya samaki utaniletea mupya gani?" Akanyoosha kibuyu kuonyesha chumba cha nyuma, kisha akanigeukia. "Mwongo mwenye kubeba mizigo, namujua. Bwana yangu alikuwa vile. Weye utalala kwa baraza."

Nikalitua pipa barazani, nikatandika gunia. Mama Hoa aliingia chumbani na kifurushi chake. Mlango wa chumba kile ulikuwa na komeo kwa ndani. Nilimsikia akilisukuma, akilivuta, akilisukuma tena, akijifunza linavyofunga.