Chuma cha Hapa Hapa

Mimi ni fundi wa vyuma. Natengeneza mwongozo wa msumeno wa meza, kile chuma kirefu ambacho mbao hukiegemea ili zikatwe sawasawa. Kaka wa mke wangu ana karakana ya makabati. Nilipompelekea mwongozo wangu wa kwanza, aliushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akawageukia wateja wake.

"Cha hapa hapa hiki! Kitanyoosha mbao au kitazitafuna?"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, achana naye."

Niachane naye? Thubutu! Nilichonga muhuri, na tangu siku hiyo kila mwongozo unaotoka mikononi mwangu umegongwa juu, kwa herufi kubwa: CHA HAPA HAPA.

Mwongozo wake aliouagiza ng'ambo ukalegea. Makabati yakatoka yamepinda, milango ikagoma kufunga, wateja wakahamia kwa mafundi wenzake wenye miongozo yangu. Jana alikuja mwenyewe, ametulia kama maji mtungini. Nikamwacha asimame mlangoni mpaka miguu imuume.

"Shemeji," akanong'ona, "huna usio na maandishi?"

"Upo, shemeji. Lakini huo ndio unaotafuna."