Chatu Hulishwa Kwake

Kuna siku moja haijawahi kunitoka moyoni, mjukuu wangu. Ni ile Jumamosi mama mkwe wangu alipomfunga baba yako mgongoni kwa leso, akachukua kikapu chake, akatoka nyumbani kwetu Makongeni bila kunywa chai. Baba yako ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Nilisimama mlangoni nikimwita mama kwa Kikuyu, "Maitu, tafadhali," na yeye hakugeuka. Kisa na maana ni chatu, na chatu mwenyewe wala hakuwa na kosa.

Nakuambia haya kwa sababu uliponipigia simu juzi kutoka Kiuu ukasema, "Cucu, nimepata nyoka, na kibali ninacho," nilinyamaza, ukadhani mtandao umepotea. Mtandao ulikuwepo. Ni mimi niliyekuwa nimepotea kidogo. Wewe ulipewa jina la babu yako Kariuki, ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita mume wangu na watu wanacheka. Jina ulipewa, sawa. Lakini huku kupenda nyoka, haki ya Mungu, hakuna aliyekupa. Ulikuja nako. Sasa Wambui wako ni mjamzito, na nyumba yenu ni vyumba viwili tu, kwa hivyo tulia unisikilize, hata chai ikipoa acha ipoe.

Babu yako alifanya kazi mahali palipofugwa nyoka, karibu na barabara ya kuingia Thika. Watoto wa shule walikuwa wakiletwa pale kutazama na kupiga mayowe. Kulikuwa na chatu jike mchanga ambaye hakuwa akila vizuri akiwa na wenzake, na babu yako akaruhusiwa kumtunza nyumbani mpaka apate nguvu. Haiya! Mimi nilikuwa msichana wa juzi, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na sasa naletewa nyoka kwenye chumba ambacho kitanda na jiko vimetenganishwa na pazia. Nilimuuliza, "Kariuki, huyu atalala wapi?" Akanijibu, "Kwake." Kwake palikuwa ni sanduku la mbao lenye kioo mbele, alilolitengeneza mwenyewe na kuliweka kwenye kona. Nilizoea. Mtu akimpenda mtu huzoea mambo.

Kazini babu yako alifuata kila sharti. Nyumbani akajiona bingwa. Siku ya kumlisha alifungua mlango wa mbele majirani waone, akamtoa chatu sandukuni, akamlaza kwenye sementi katikati ya chumba, kisha akamning'inizia kifaranga aliyekufa kwa vidole vyake. Chatu akiruka na kukamata, majirani wanapiga kelele, naye anacheka. Alikuwa na maringo babu yako, usidanganywe na zile picha za uzeeni. Na hayo maringo ndiyo niliyompendea, wacha niseme ukweli.

Jumamosi hiyo mama yake alikuja kututembelea kutoka shambani, upande wa Gatanga. Alileta ndizi, na maziwa ya ng'ombe wake kwenye kibuyu. Lazima umjue Maitu uelewe. Alikuwa mtu wa kanisa kabisa, kwenye kwaya sauti yake haikuwa na mpinzani. Lakini kwa wazee wa rika lake, nyoka akiingia nyumbani hapigwi. Anamwagiwa maziwa, anaachwa anywe, anaondoka kwa amani, maana huenda ni mtu wa ukoo aliyekuja kuwaona. Kanisa lilimwambia aache hayo, naye akaacha kuyasema. Kuyaamini ni jambo lingine. Baba mkwe wangu, Njoroge, alikuwa amefariki kabla sijaolewa, na baba yako ndiye aliyechukua jina hilo. Kwa hivyo Maitu alipokuwa akimbeba mtoto alimwita "mume wangu," kama ninavyokuita wewe, na siku hizo mimi ndiye niliyekuwa nikicheka.

Basi babu yako akamlisha chatu mbele ya mama yake. Vifaranga wawili, wote kwa vidole. Chatu alipomaliza, babu yako, na mikono bado inanuka kifaranga, akainama amnyanyue amrudishe sandukuni. Mimi nilikuwa namimina chai. Baba yako akaniponyoka, akaenda akiyumbayumba mpaka kwa baba yake akamshika suruali. Na hapo hapo chatu akaruka. Aliukamata mkono wa babu yako, kando kidogo tu ya uso wa mtoto. Ningesema kiganja kimoja kati yao, lakini sikupima, nilikuwa napiga mayowe.

Meno ya chatu yameinama kuelekea ndani, mwanangu. Ukivuta mkono ndio unajichana. Babu yako alianza kuvuta kisha akajikumbusha, akaniambia, "Maji! Leta maji baridi!" Nikamwagia mtungi mzima juu ya kichwa cha yule chatu mpaka akaachia. Sakafu ilikuwa maji na damu, mtoto ameanguka analia, na damu ya baba yake iko kwenye paji la uso wake. Maitu alimfuta kwa ncha ya leso, polepole, mpaka akahakikisha hakuna jeraha. Ndipo akasema.

"Kariuki, huyu mtoto ana jina la nani?"

"La baba, Maitu."

"Basi baba yako haachwi hapa aliwe. Siku utakayojua kumlisha mgeni wako, niite."

Akaondoka naye. Na babu yako, mwanaume mzima na kitambaa mkononi, akaketi kitandani asijue pa kuangalia.

Kila Jumapili baada ya kanisa nilienda Gatanga kumwona mtoto. Alikuwa amenona, anachekacheka, anafukuza kuku. Jumapili moja alijikwaa uani akaumia goti. Nikapiga magoti nikafungua mikono yangu miwili. Alikuja mbio akilia, akanipita, akaenda kujificha kwenye sketi ya nyanya yake. Sikulia pale. Nililia njiani, na nilipofika nyumbani nikakaa na viatu miguuni, sikuwasha jiko. Babu yako akaniuliza nini. Nikamwambia, "Mtoto wangu amenipita."

Kuanzia siku hiyo alibadilika. Alitia kufuli kwenye sanduku, ufunguo akauvaa shingoni. Alitafuta koleo refu la makaa, akazungushia kitambaa kwenye ncha zake ili chatu akiuma chuma asivunje meno, na vidole vyake havikukaribia tena chakula cha chatu. Akaacha kumtoa nje kula. Chatu akawa anakula mle mle sandukuni, kwa sababu, alivyonieleza, ukimbebabeba nyoka aliyetoka kula unamtia hofu, na nyoka mwenye hofu hutapika au huuma. Akatafuta pia kijiti laini. Siku ambazo si za chakula, kabla ya kumshika alimgusa ubavuni kwa kile kijiti, taratibu, mpaka chatu akajua kwamba akiguswa hivyo hakuna chakula kinachokuja. Na kunawa! Sabuni mpaka kwenye kiwiko, kabla na baada. Nikimwambia imetosha ananiambia, "Bado nanuka." Ngai, mwanaume akipania jambo.

Akamwita mama yake. Maitu alikuja na mtoto mgongoni na kile kibuyu cha maziwa, akakaa kwenye stuli, akasema tu, "Endelea." Safari hii mlango ulifungwa, na majirani wakabaki huko nje na udaku wao. Babu yako alimtia kifaranga kwenye maji ya moto mpaka akapata joto kama la kiumbe hai, akamkausha, akamshika kwa koleo, akafungua sanduku kidogo. Nilijua koleo likiteleza, mtoto anarudi Gatanga. Chatu alinyoosha shingo, akakamata, akajizungusha. Babu yako akafunga kufuli. Kisha, kwa mazoea yake, akasogeza uso kwenye kioo atazame.

"Toka hapo," Maitu akamwambia. "Nani hula akikodolewa macho? Mwache mgeni ale. Sote, nje."

Tukatoka sote tukasimama uani, kama watu waliofukuzwa kanisani. Hilo ndilo sharti ambalo hata kazini hawakumfundisha, au walimfundisha akapuuza. Na tangu siku hiyo yule chatu alianza kula bila kusitasita. Alikuwa anataka utulivu tu, na sisi tulikuwa tumemfanya sarakasi.

Tuliporudi ndani, Maitu akamimina maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, akakiweka mbele ya kioo. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Njoroge, watoto wako hawajambo. Umewaona." Machozi yalikuwa yanamtoka. Babu yako akafungua mdomo aseme nyoka hanywi maziwa. Nikamfinya, nikamfinya sana, akafunga mdomo. Maitu akafungua leso, akamfunga mtoto wangu mgongoni mwangu mwenyewe, akakaza fundo. "Nitakuwa nakuja kumwona mume wangu," akasema. Joto la mtoto likaingia mgongoni mwangu. Alipoondoka, babu yako aliyamwaga yale maziwa, akaosha kifuniko, akaweka maji safi.

Mwanangu, maziwa si chakula cha nyoka. Yanamsumbua tumbo. Mpe maji safi kwenye bakuli pana, mengine ni yetu sisi. Lakini nisikilize, siku hizi yale maziwa nayaelewa. Tangu tumzike babu yako, kuna asubuhi nakaa hapa Makongeni nikitamani chochote kiingie mlangoni, hata mjusi, nikiite Kariuki. Nikimwona mtu kwa nyuma anayetembea akiinamisha bega moja, namfuata kwa macho mpaka anapotea. Zamani nilimwona Maitu amechanganyikiwa na huzuni. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amemkosa mtu wake.

Sasa shika haya. Mlishe kwake, ndani ya sanduku lake, wala si kitandani, wala si mkononi ili upige picha za kuwaonyesha vijana wenzako. Tumia koleo. Kama una nyoka wawili, kila mmoja ale peke yake, la sivyo watashikana kwa panya mmoja na utaita watu. Panya awe tayari amekufa, maana panya aliye hai akiachwa na nyoka asiye na njaa ataanza kumtafuna nyoka mwenyewe, na nimeona kovu la namna hiyo. Asiwe mnene kupita kiwiliwili cha nyoka pale katikati. Wa kwenye friji mwache ayeyuke, umpashe kwenye maji ya moto, usimpike, na usimweke pamoja na nyama ya Wambui. Kuna vyombo vya nyoka na kuna vyombo vya watu, na hata maji yake usiyamwage kwenye sinki ya jikoni. Wambui asishike panya hao kabisa kwa hali aliyo nayo. Nyoka akishakula, mwache siku kadhaa bila kumshika. Na Julai ile baridi yetu ikija, sanduku liwe na joto, kwa sababu nyoka akila kisha akapigwa na baridi, chakula kinamwozea tumboni. Akikataa kula, usimlazimishe, pengine anataka kubadilisha ngozi. Akiwa mkubwa, urefu wako au zaidi, usimlishe ukiwa peke yako nyumbani. Kufuli. Ufunguo shingoni. Na mtoto akizaliwa, usiende kumbeba kabla hujanawa mpaka viwiko, hata akilia vipi. Acha alie. Atanyamaza.

Yule chatu alipopata nguvu, babu yako alimrudisha alikotoka. Siku hiyo alikosa hamu ya kula. Nilimcheka, nikamwambia, "Leo ni wewe unayekataa chakula." Laiti ningemkalia karibu badala ya kumcheka.

Mungu akubariki, mume wangu mdogo. Wambui ajifungue salama, wewe uwe karibu naye, na mtoto wenu atakapokimbia akilia akimbilie mikononi mwenu. Mikono yako iwe na subira, nyumba yako iwe na utulivu, na usije ukalala ukisikiliza chumba kisicho na mtu.

Na ukishamlisha nyoka wako, nipigie simu. Usitafute maneno mengi. Niambie tu, "Amekula." Babu yako alikuwa akiniambia hivyo hivyo kutoka kwenye ile kona, mimi nikiwa nyuma ya pazia napika, na juzi uliposema "nimepata nyoka," sauti ilikuwa yake. Kwa hivyo nipigie, mwanangu. Hata kama hajala, nipigie.