Mota ya Kilimia

Miezi mitano darubini yangu ilikaa bure. Mota yake, ile inayoizungusha polepole ifuate nyota, ilikuwa imeungua. Bila mota, kamera ninayoifunga juu ya darubini ikiachwa wazi dakika arobaini, nyota hutoka mistari mitupu. Fundi redio wa sokoni, tuliyesali naye kanisa moja, aliichukua. Mara ya kwanza ikarudi inanguruma tu. Mara ya pili ikazunguka kinyume! Ya tatu akasema ameisuka waya upya.

Nikaipima mkononi. Nyepesi. Mjini kwetu Likasi miaka ile, kwa wizi, waya wa shaba haukulala nje ukaamka.

"Umetoa shaba yangu," nikamwambia, wateja wakisikia.

"Mwalimu, miye siko mwizi. Ni waya yako, yote."

Thubutu! Nyumbani nikamwambia mke wangu: kikulacho ki nguoni mwako. Akacheka.

"Weye utashuku hata jua, eti limechelewa makusudi."

Filamu ilibaki picha moja, na dawa ya kuisafishia kikombe kimoja. Duka lililoviuza lilikwisha kuporwa. Nikangoja alfajiri ya kiangazi, lile kundi la nyota la Kilimia liwe juu, mwezi hamna, umeme umekatika mji mzima. Nilitaka ule ukungu unaozizunguka nyota zake. Niliutamani kuliko mshahara. Nikaunga mota kwenye betri ya gari, nikafungua kamera.

Lakini inazunguka kweli? Nikatoa tochi mfukoni, nikamulika meno ya mota. Inazunguka. Dakika tatu hazijapita, mh, simwamini yule. Nikamulika tena. Na tena.

Asubuhi nikasafisha filamu, nikaiinua dirishani. Kwenye filamu mwanga hutoka mweusi. Nyota za Kilimia zilikuwa nukta, nukta kabisa, hakuna hata moja iliyoburutika. Ukungu wake sikuuona. Ulifunikwa na weusi mpana uliotokea upande ule ule niliosimama na tochi.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaenda sokoni. Wateja walikuwepo, na fundi hakuinua kichwa.

"Mota iko inazunguka, Mwalimu?"

"Iko inazunguka vizuri sana."

"Na picha?"

"Imeibwa."

Hapo akaniangalia. Nikatoa tochi mfukoni, nikaiweka mezani kwake mbele ya watu wote.

"Mwizi ni huyu," nikasema. "Nilikuwa naye nguoni."