Ng'ombe Wangu na Pua ya Mjukuu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kabla hamjacheka, jueni kwamba nilikunywa chai ya rangi mwezi mzima ilhali nina ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wangu mwenyewe, nimemlea tangu ndama. Na sababu yake ilikuwa pua.

Binti yangu anakaa Majengo na mwanawe wa kike wa miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi asubuhi mtoto huenda kujifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapo mjini. Mchana wanapanda kwangu Uru, wanalala, Jumapili tunakwenda kanisani pamoja. Utaratibu mzuri, sina neno. Ila jioni ikifika tu, mtoto anaanza chafya. Pua imeziba, macho mekundu kama aliyemenya vitunguu. Kanisani mchungaji alikuwa anasimama katikati ya mahubiri kumsubiri amalize. Jumatatu akiwa Majengo, mzima kabisa.

Mama yake akampeleka hospitali, akarudi na neno jipya: mzio.

"Mama, daktari ameuliza kama kuna mnyama pale anapolala. Nikasema yupo."

"Ukamwambia na mambo ya kuogelea?"

"Kuogelea kumeingiaje? Ugonjwa unamshika hapa kwako, mjini haumshiki. Ama ng'ombe atoke, ama mtoto asilale hapa tena."

Hapo alinishika pabaya. Mjukuu ninaye huyo mmoja. Basi nikampeleka ng'ombe kwa jirani, amlishe. Kwetu mlimani ukiweka ng'ombe kwa mtu, maziwa ni yake na mbolea ni yake, maana ndiye anayehangaika na majani. Wewe unabaki na jina tu la mwenye ng'ombe. Migomba yangu ikakosa samadi. Na jirani kila asubuhi anapita langoni kwangu na ndoo, polepole, nimwone vizuri.

"Dada, nikumiminie kidogo? Usione haya, si ni ng'ombe wako!"

"Kunywa tu. Mimi chai ya rangi inanitosha."

Ilikuwa hainitoshi.

Nikaosha banda kwa maji na majivu siku mbili, mgongo ukaniuma. Nikatoa majani makavu yote, nikaanika magodoro. Jumamosi ya kwanza, chafya. Ya pili, chafya. Binti yangu akasema harufu ya ng'ombe imeingia kwenye kuta. Ya tatu akaanza kuwatazama kuku. Nikamwambia kuku hawa ukiwagusa tutakosana.

Jumamosi ya nne nilivaa kitenge cha kanisani, nikateremka mjini, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya lile bwawa. Sikumaliza hata kujipanga vizuri. Harufu ikanipanda puani, kali kama dawa ya kusafishia choo, na mimi mwenyewe nikapiga chafya mbili. Nikatazama huku na huku. Ng'ombe hakuwapo hata mmoja.

Nikamwita mtu anayetunza maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Humu mmemwaga dawa pipa zima?"

Akacheka. "Bibi, dawa ikiwa peke yake hainuki hivi. Inanuka namna hii ikishakutana na jasho na mkojo. Hapo ndipo inapowasha macho na pua. Watoto wanaingia bila kuoga. Bafu lile pale, hebu litazame, sakafu kavu tangu asubuhi."

Nikamwita mjukuu. Akaja anachuruzika maji, pua imeshaanza kuwa nyekundu.

"Ulioga kabla ya kuingia?"

"Bibi, si naingia kwenye maji? Nioge tena ya nini?"

"Na mkojo?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Wote wanafanya, Bibi. Choo kiko mbali."

Choo kiko mbali! Nilikwenda nikahesabu, hatua ishirini. Mnajikojolea wenyewe majini, mnavuta hiyo harufu puani asubuhi nzima, halafu mnakuja kwangu kumsingizia ng'ombe ambaye hajawahi hata kuiona hoteli!

Binti yangu bado akawa na la kusema, eti labda ni vyote viwili. Nikasema sawa, tutaona. Jumamosi iliyofuata mtoto hakugusa bwawa, alikuja kwangu moja kwa moja. Nikampeleka kwa jirani, nikamwambia amkumbatie ng'ombe shingoni, amsugue, amlishe kwa mkono. Akatoka na manyoya mpaka kwenye nyusi. Jioni tukasubiri. Kimya. Akalala, akaamka, akaimba kanisani tangu mwanzo mpaka mwisho, na mchungaji hakusimama hata mara moja.

Tuliporudi nikawaita wote wawili jikoni. Binti yangu alitaka kusema, nikanyanyua kidole.

"Wewe mama mtu, kila Jumamosi usimame mlangoni pa lile bafu mpaka mtoto aoge kwa sabuni, na akitoka bwawani aoge tena. Wewe mtoto, choo kwanza, maji baadaye, na wenzako uwaambie. Mkikuta maji yananuka vile, mgeuke mje huku. Sasa shikeni hiyo kamba, wote wawili, mkaniletee ng'ombe wangu. Maziwa ya leo mwacheni jirani ayanywe. Ya kesho nayakamua mimi."